Uzi Niliouweka Kwenye Trei

Akai wangu,

Sitakuuliza hujambo, maana nakusikia. Uko upande wa pili wa ua kwa Mama Halima, anakusuka, na kila akivuta nywele unapiga kelele kama mtu anayechinjwa, halafu mnacheka nyote wawili. Nimekaa jikoni na mlango nimeuacha wazi ili nisikose hata kicheko kimoja. Leo naingia zamu ya usiku, na kesho lori la mbuzi litakupitisha mbele ya geti la hospitali asubuhi na mapema. Kuagana kwetu kutakuwa kwa haraka haraka, wewe juu ya lori na mimi barabarani na aproni yangu, na dereva akipiga honi. Hakuna mtu husema jambo la maana akiwa katika hali hiyo. Ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Habari za kuchemsha maji, na chandarua, na kutokaa upande wa pembe za mbuzi ukiwa kwenye lori, nimeshakuambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Hayo tuyaache. Nataka kukujibu swali lako.

Juzi tulipokuwa tukifua, uliniuliza bila kuniangalia, umeshika shati langu la kazi unalikamua: "Mama, kama ungerudi siku ile, ungeweka uzi gani?" Nikajifanya sijasikia. Nikakutuma ndani uniletee sabuni, na sabuni ilikuwa hapo mbele yetu kwenye karai. Ulienda. Ukarudi ukasema hujaiona. Ulivyo na adabu, hukunicheka, na mimi niliona haya siku nzima.

Najua kwa nini umeuliza sasa. Unaenda Oldonyiro kufundisha, na utalala nyumbani kwa mama yako aliyekuzaa. Zamani ulikuwa unaenda likizo unarudi umejaa vumbi na hadithi. Safari hii unaenda kuishi. Unataka kwenda na jibu langu mkononi, pengine umpelekee, pengine ulale nalo tu. Na mimi naogopa kulitoa. Nitakuambia naogopa nini, nisikuzungushe: naogopa kwamba ukishalisoma hutaona tena sababu ya kurudi kwangu.

Hadithi yenyewe unaijua, lakini unaijua kama mtoto anavyojua mambo, vipande vipande, na vingine nilivipaka sukari. Leo nitakupa bila sukari.

Ulikuwa wa umri wa kuchunga wana-mbuzi pale pale nje ya boma. Mama yako alikuleta hapa Isiolo kwa lori la mifugo, wewe amekufunga kifuani kwa shuka, na mgongoni amembeba mdogo wako aliyekuwa bado ananyonya. Tumbo lako lilikuwa gumu kama ubao, na ulikuwa umeacha kulia. Sisi wa wodi ya watoto tunamwogopa mtoto aliyeacha kulia kuliko yule anayetupasua masikio. Utumbo ulikuwa umejisokota. Bahati yako, daktari aliyekuwa akitoka Meru kututembelea alikuwapo siku hiyo. Alikuwa mzee mpole, mwenye tabia ya kuimba nyimbo za kanisa kwa pua akifanya kazi, na tulikuwa tunajua hali ya mgonjwa kwa kusikiliza wimbo. Siku yako alikaa kimya muda mrefu. Alipoanza kuvuma kidogo kidogo, tulijua utumbo umerudisha rangi yake na wewe utaishi.

Kazi yangu ilikuwa kupanga trei na kumpa anachotaka kabla hajamaliza kukitaja. Nilikuwa hodari, na nilijijua kuwa hodari, jambo ambalo si zuri sana kwa msichana wa umri wangu wakati ule.

Tumbo la mtoto hufungwa tabaka kwa tabaka. Ndani, na kwenye misuli, tulishona kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Mwili huula uzi huo polepole mpaka unayeyuka wenyewe, na hakuna mtu anayehitaji kuurudia. Ngozi ya juu, desturi yetu ilikuwa kuishona kwa hariri nyeusi. Uzi mweusi una nguvu, fundo lake halilegei, na siku ya kuutoa unauona vizuri. Ubaya wake ni huo wa kutolewa. Ukikaa kupita kiasi nyama inaukumbatia, unaanza kutoa usaha, na mtoto anabaki na alama za ngazi kwenye ngozi.

Daktari alinyoosha mkono akasema, "Ngozi." Nikampa uzi mweusi. Ule wa utumbo ulikuwa umebaki pale pale kwenye trei, wa kutosha, karibu na kidole changu. Sikuufikiria hata kidogo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ngozi ni uzi mweusi, basi ikawa uzi mweusi. Mwaka ule nyasi zilikuwa zimekwisha kila mahali, wafugaji walikuwa wanahama huku na huku kama watu waliofukuzwa, na mimi sikumuuliza mtu yeyote kama mama wa mtoto huyu atakuwa bado Isiolo kidonda kikikauka.

Aliyeuliza ni mama yako. Nilipofungua bandeji mara ya kwanza aliinama akatazama mshono kwa makini, kama mteja anayekagua kazi ya fundi kabla ya kuichukua.

"Hii kamba ni kama miiba yetu," akasema.

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni na kwa mikono. Kwao kidonda kikubwa hufungwa kwa miiba mirefu ya mgunga. Mwiba unapitishwa upande huu wa kidonda ukatokea upande wa pili, halafu uzi wa mshipa wa mnyama unazungushwa kwenye miiba ili kingo zikutane.

"Basi ni mambo yale yale," nikamwambia. "Kidonda kikishika, tunatoa."

"Nani atatoa?"

"Nesi yeyote. Hata wa zahanati anaweza."

"Hapana." Akatikisa kichwa. "Mkono uliweka miiba, huo ndio hutoa. Mkono mwingine ikitoa, kidonda inafunguka. Mimi nimeona."

"Lakini aliyeshona ni daktari, na amesharudi Meru."

"Nani alimpatia kamba?"

"Mimi."

"Basi ni wewe," akasema, na kwake mazungumzo yakawa yamekwisha.

Nilicheka moyoni, Akai. Nilimwona mshamba, na nilikwenda kuwasimulia wenzangu tukinywa chai. Lakini siku chache baadaye watu wa lori wakamletea habari kwamba baba yako ameanza kusukuma mifugo kuelekea kaskazini, kisima kimekauka, na asipoondoka leo hatajua tena atawapata wapi. Alikaa kwenye kitanda chako, mkono juu ya bandeji yako. Kukubeba kulikuwa kugumu. Kidonda kilikuwa bado kibichi, njia ilikuwa ya miguu na ya jua, na mgongo wake ulikuwa na mtu tayari. Kuna zahanati ambayo angeipitia njiani, na nesi wa pale angekutoa nyuzi hizo kwa dakika chache tu. Kama angeamini hivyo, pengine angekodi punda akakuchukua. Lakini uzi ulikuwa umetoka mkononi mwangu, na yeye alijua kanuni ya kwao.

"Kaa na yeye mpaka utoe," akaniambia. "Ukitoa, mimi nitakuja."

Alikuambia na wewe kwa lugha yenu. Sikuelewa maneno, ila nilikuona ukiitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa kazi.

Vitanda vilikuwa vimejaa, watoto walilala wawili wawili, kwa hiyo mkubwa wetu wa wodi akaniruhusu nikulaze kwangu katika nyumba za wafanyakazi. Sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa na kitanda, redio, na paka asiye na shukrani. Ulikataa uji wangu ukasema kitu kwa Kiturkana, na Mama Halima, ambaye duka lake lilikuwa limemfundisha lugha zote za Isiolo, akanifasiria huku akishika mbavu: "Anasema hiki ni chakula cha ndama."

Ilipofika siku ya kukutoa nyuzi, nilikukosea mara mbili. Nitakusimulia, kwa kuwa wewe sasa unaenda kukaa na darasa zima la watoto wa watu.

Kosa la kwanza nilikuambia, "Haitauma." Niliwaambia watoto wote hivyo. Tulikuwa na ustadi wetu: nesi mmoja anashika miguu, mwingine mikono, unadanganya kwa sauti tamu, unakata haraka kabla uwongo haujajulikana. Nilivuta uzi wa kwanza, ukaniangalia. Hukulia. Uliniangalia tu kama mtu mzima anavyomwangalia mtu mzima mwenzake aliyemdhulumu. Nikaweka mkasi chini. Nikamwita Mama Halima atufasirie, nikakuambia ukweli kwamba kila uzi utauma kidogo, kama kung'atwa na siafu, na kwamba ukisema ngoja nitangoja. Ulisema ngoja mara nyingi sana. Chai ya saa nne ikapita, mkubwa wa wodi akachungulia akanikunjia uso, na mimi nikaendelea kungoja. Tangu siku hiyo sijamwambia mtoto kwamba haitauma.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wiki hiyo yote, kila ulipomlilia mama yako jioni, nilikubembeleza kwa maneno yake: nyuzi zikitoka, mama atakuja. Nilidhani nakupa kitu cha kushikilia. Basi nilipokata ule wa mwisho, ulishuka kitandani, ukajifunga shuka yako vizuri, ukatoka nje ukienda umejishika tumbo, ukakaa getini. Ukangoja. Askari wa geti alikupa ndizi, ukaishika bila kuila. Jioni nilikuja kukuchukua, ukanivuta mkono ukanirudisha mpaka kwenye kile chumba cha kufungia vidonda, ukaonyesha ule uzi mweusi, halafu tumbo lako.

Mama Halima alikuwa ndiye mwenye kukuelewa. Safari hii hakucheka. "Anataka urudishe," akaniambia. "Anasema labda hukutoa vizuri. Urudishe, halafu utoe tena, ndio mama yake aje."

Nilikaa sakafuni nikalia, mimi nesi hodari, mbele ya wagonjwa. Wewe ndiye uliyenipangusa kwa ncha ya shuka yako. Nadhani ni hapo nilipokuwa mama yako, ingawa sikuwa na ruhusa ya mtu yeyote.

Nilituma habari. Hilo nataka ulijue bila shaka yoyote. Kila dereva aliyepakia mbuzi kutoka Oldonyiro nilimsimamisha: mwambieni mama wa mtoto wa tumbo, nyuzi zimetoka, mtoto yuko mzima. Wengine walirudi wakasema watu wale wamevuka wakaenda mbali. Wengine walisema njia imefungwa kwa sababu ya wizi wa mifugo. Mama Halima alinigombeza: "Wallahi, mtoto wa watu si paka, huwezi kumfuga tu hivi!" Siku iliyofuata yeye mwenyewe akaja na viatu vya kukutosha. Mvua ikarudi, ikakosa tena, ikarudi. Ulianza shule ya nasari. Ukawa unaongea Kiswahili cha mtaa wetu wa Wabera na Kimeru changu, na Kiborana cha kutukania ulichokiokota sijui wapi. Watoto walipoona mshono wako mkioga mtoni wakakuita Tandu, kwa zile alama za miguu miguu, na uliporudi ukilia nilikuambia tandu hachezewi. Kumbe uliwang'ata wawili kesho yake, nikaitwa na mwalimu mkuu.

Nilikuwa na furaha, Akai. Na katika furaha hiyo, kila honi ya lori ilinishtua. Nilimwombea mama yako aje, kwa kuwa nilijua ni haki, na nilipomaliza kuomba nilibaki nimepiga magoti nikitafuta jinsi ya kuongeza neno moja, nikakosa ujasiri wa kulisema mbele ya Mungu.

Alikuja asubuhi moja ukiwa umevaa sare. Alikuwa amekonda, amesimama nje ya geti, na mgongoni hakuwa na mtoto. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Wewe hukumjua. Ulijificha nyuma ya gauni langu ukachungulia, na nikahisi vidole vyako vikinishika, na aibu niliyoiona wakati huo sitaki hata adui yangu aione, maana mkono mmoja wangu ulikuwa unakusukuma mbele na mwingine ulikuwa umekushika.

Pale hospitalini wote walikuwa wananiita Mama Akai. Sikujua nimwamkie vipi. Yeye akanitangulia.

"Habari, Mama Akai."

"Nzuri, Mama Akai," nikamjibu, na tukabaki hivyo mpaka leo.

Kitu cha kwanza alichotaka kuona ni tumbo lako. Akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya mshono kutoka juu mpaka chini.

"Ulitoa yote?"

"Yote."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ilifunguka?"

"Haikufunguka."

"Sawa," akasema. "Nilijua." Akafunika tumbo lako akalipigapiga kidogo, kisha akaketi hapo hapo chini akajifunika uso.

Alikaa kwangu kwa siku kadhaa. Alilala chini karibu na kitanda chako, na usingizini ukaanza kumshikashika bila kujua. Aliniambia habari za mdogo wako, aliyeshindwa na njaa na kuhara huko walikohamia, na za baba yako aliyemfuata. Nikamwambia pole, na nikasema neno la kijinga, kwamba angalau Akai aliokoka kwa kubaki. Aliniangalia bila hasira.

"Labda huyu angekufa pia," akasema. "Labda hangekufa. Mungu ndio anajua."

Siku ya kuondoka, nilikuwa nimekufungia nguo zako zote kwenye kitambaa. Alizitazama, akatazama mkoba wako wa shule uliokuwa umeuvaa ndani ya nyumba kama kawaida yako, akafungua kile kitambaa akazirudisha nguo kwenye sanduku moja moja. "Mtoto iko na kitabu. Wacha asome. Shule ikifunga, mimi nitakuja kuchukua yeye." Akaja, kila shule ilipofunga. Hakukosa hata likizo moja, na mengine yote unayajua kwa macho yako.

Wewe hujui jambo hilo lilivyobadilisha kazi yangu. Tangu mwaka ule, kabla ya kupanga trei ya mtoto yeyote, nilikuwa natoka kwanza nje kwa mama yake nauliza: mifugo iko wapi, mvua imenyesha wapi, mtakuwa wapi mwezi ujao? Mzee wetu kutoka Meru alinitania, "Sista, tunapasua au tunatabiri hali ya hewa?" Nilipomweleza sababu aliacha kutania. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushona ngozi ya mtoto kwa chini, uzi wa utumbo ukipita ndani ya ngozi bila kutokeza juu, mshono ukabaki mstari mmoja mwembamba na hakuna cha kutoa. Ni kazi ya kuinamia, inauma shingo. Mtoto wa Burat hapa karibu na mji, ambaye mama yake analima hapo na atakuja Jumatatu bila shida, uzi mweusi unamfaa tu. Mtoto wa mfugaji anashonwa kwa chini.

Na hapo pia nilikosea, nikidhani sasa nimepata dawa ya kila kitu. Alikuja mtoto mmoja mwenye kidonda kichafu, na kwa kuwa watu wake walikuwa wanahama nilimhimiza daktari akifunge vizuri kwa chini ili waende. Kidonda chenye uchafu hakitakiwi kufungwa haraka. Kinaachwa wazi na shashi, kinaoshwa kila siku, mpaka kiwe tayari. Mtoto alirudishwa ana homa na tumbo limevimba, tukalazimika kufungua kila kitu upya. Alipona, namshukuru Mungu, lakini alilala kwetu miezi. Nimekuwa mwoga wa mtu anayekuja na jibu moja kwa watoto wote, na mtu huyo mara nyingi ni mimi.

Ukiwa kule, mama yako atakukosea, na wewe utamkosea. Hajawahi kuishi na wewe zaidi ya likizo, na likizo kila mtu ni malaika. Kuna mambo yako ya utotoni atakayokuuliza, lini uling'oka jino, nani alikufundisha kuogelea, na utaona uso wake ukibadilika ukimjibu. Mjibu hata hivyo. Usimfichie kunihurumia mimi wala kumhurumia yeye. Ukinitaja, niite mama mbele yake kwa sauti ya kawaida. Ukimtaja ukiwa hapa umekuwa ukishusha sauti kidogo tangu ulipoanza sekondari. Nimeona, na imeniuma kwa ajili yake.

Sasa jibu lako.

Nimejaribu majibu mengine kabla ya hili. Nilitaka kujificha nyuma ya maneno yake, kwamba labda ungekufa. Nimejificha hapo miaka mingi, pana kivuli kizuri. Lakini sikujua hayo nilipokuwa nimesimama na trei. Nilichoweza kujua ni kwamba kuna mwanamke nje mwenye mtoto mgongoni na safari mbele yake, na hicho ndicho ambacho sikutoka kuuliza. Kwa hiyo, mwanangu, ningeweka uzi wa utumbo. Ningekushona kwa chini, kama nilivyofundishwa baadaye, polepole, shingo iniume inavyotaka. Siku ya safari ningekufunga taratibu mgongoni kwa mama yako mwenyewe, yeye angempakata mdogo wako kifuani, ningewasindikiza mpaka barabarani, na ningerudi kuosha vyombo vyangu bila kujua nimepoteza nini.

Mwambie hivyo. Mwambie Mama Akai amesema ungekuwa wake siku zote, na kwamba ilikuwa haki yake.

Halafu kuna ile sala niliyokuambia sikuwa na ujasiri wa kuimalizia. Neno lililobaki lilikuwa "asije." Sijawahi kulitamka mpaka leo ninapoliandika. Nilikosea kwa kuchukua uzi mweusi, na sijajuta hata siku moja, nimejaribu nikashindwa. Hilo pia mpelekee, lakini ngoja kwanza muwe mmezoeana na amekaa chini. Akikasirika, ana haki. Akinyamaza, mpe chai.

Na wewe ukishajua yote mawili, rudi ama usirudi. Mimi nitakuwa hapa, na bado nitakuwa

Mama yako.